Kiwanja changu Mapinga na ile hela ya miundombinu

Miaka mitatu iliyopita nilinunua kiwanja cha mita za mraba 600 Mapinga, wilaya ya Bagamoyo, kwenye mradi wa viwanja vilivyopimwa. Bei ilikuwa shilingi 12,000 kwa mita, yaani milioni 7.2, nikalipa kwa awamu ndani ya mwaka. Juu yake kukawa na milioni 1.8 ya "gharama za miundombinu", sawa kwa kila mmoja, mwenye kiwanja kikubwa na mwenye kidogo.

Kwa upande wa ardhi yenyewe, sina lawama. Kabla ya kutoa hata senti nilifanya upekuzi ofisi ya ardhi kujua kiwanja ni cha nani, nikaenda na mpimaji wangu mwenyewe, tukafyeka nyasi mpaka bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, zikaonekana na namba zake zikalingana na ramani. Hati ya miaka 99 ilitoka baada ya miezi minane. Mama yangu aliwahi kuuziwa shamba ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo siku niliyoishika ile hati yenye jina langu, nililia.

Shida ilikuwa hiyo milioni 1.8. Mkataba ulikuwa na mstari mmoja tu: "barabara, maji na umeme". Nikaamini, nikasaini. Greda lilipita mara moja, moramu ikamwagwa kwenye barabara kuu ya mradi peke yake. Masika yalipokuja, maji yakashuka kutoka viwanja vya juu, na kwa kuwa hapakuwa na mtaro wala kalavati la kupitisha maji chini ya barabara, yakachimba korongo la kufika magotini mbele ya kiwanja changu. Lori la mchanga lilishindwa kuingia, likamwaga mzigo njia panda. Vijana wawili waliusomba kwa toroli siku mbili, na hela yao ilitoka kwenye fungu la nondo. Transfoma ililetwa kweli, lakini imekaa getini. Nguzo za kunifikia nilizilipia mwenyewe. Maji ni ya kisima kimoja, na yana chumvi. Chai yake hainyweki.

Tulipodai hesabu tukaambiwa fedha ile ilikuwa ya kufungua mradi, matunzo ni juu yetu. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, wala palipoandikwa kinyume chake. Ndipo tukaunda kamati, kila mtu achange 150,000. Tuliojenga tulitoa. Wengi walionunua ili waje kuuza baadaye hawapokei hata simu, na barabara tukiitengeneza bei ya viwanja vyao nayo inapanda. Hilo linaniuma kuliko korongo lenyewe.

Ukienda kununua mradi kama huu, usikubali neno "miundombinu" likae peke yake kwenye mkataba. Waandike upana wa barabara, moramu inafika wapi, kalavati ngapi, nguzo ngapi na mpaka kiwanja namba ngapi, kazi inaisha lini, na baada ya hapo nani anakusanya na kutunza hela ya matengenezo. Wakikataa kuandika, hiyo hela ihesabu kama sehemu ya bei ya kiwanja, kisha uangalie kama bado unakitaka.

Mimi bado ningekinunua, hewa ya huku na utulivu wake vimenikaa moyoni. Makalavati mawili ya mchango wetu yamestahimili masika ya mwaka huu. La tatu tunaliweka kona ya chini mwezi ujao, simenti iko stoo kwangu.