Kwikwi isiyokoma: tathmini ya huduma katika zahanati moja ya Moshi

Zahanati ninayoizungumzia ipo Moshi mjini, upande wa Soko la Mbuyuni. Nilimpeleka huko mjomba wangu, mzee anayetumia dawa za presha, baada ya kwikwi kumwandama zaidi ya siku mbili, usiku na mchana, hata ikawa hali akashiba wala halali akapumzika. Nyumbani alikuwa amekwisha kubana pumzi, kunywa maji ya baridi, kulamba sukari na hata kubandikwa uzi uliolowa mate kwenye paji la uso kama mtoto mchanga. Duka moja la dawa lilimuuzia dawa ya kiungulia bila kumuuliza swali lolote.

Hapo zahanati ndipo maswali yalipoanza, na kwa maoni yangu maswali hayo ndiyo huduma yenyewe. Afisa tabibu alimwamkia, kisha akauliza, "Mzee, ilianza lini?" Alitueleza kwamba kwikwi hutokea kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinapojikaza ghafla na njia ya hewa kooni ikajifunga papo hapo. Ile ya dakika chache, baada ya mtu kula upesi au kunywa soda, haina neno. Lakini ikivuka saa 48 mgonjwa anapaswa kupimwa hata kama haumwi popote, kwa kuwa huenda kuna kitu kinachoisumbua mishipa ya fahamu inayokiongoza kiwambo, nayo hiyo mishipa ina njia ndefu, kuanzia kwenye ubongo, kupitia shingoni na kifuani.

Kwa sababu hiyo alimpapasa shingo, akamsikiliza kifua, akammulika masikioni kwa kurunzi ndogo, kwani hata unywele unaogusa ngoma ya sikio unaweza kuleta kwikwi (mjomba alicheka, akakatizwa na kwikwi yake). Akamwambia atabasamu, anyooshe mikono yote miwili na atembee hatua chache, akitafuta dalili za kiharusi. Aliuliza habari za kisukari, figo, pombe na kiungulia, kisha akaomba kuona vidonge vyote anavyomeza, kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha presha kinachoongeza mkojo, alisimama na kuandika.

Nilimuuliza kwa nini asimpe tu dawa ya kuikata. Alijibu kwamba klopromazini, ambayo hutumika kwa kwikwi sugu, hushusha presha na kuleta usingizi mzito, hivyo hangempa mzee wa umri ule kabla ya kujua chanzo. Jibu hilo lilinipa imani kuliko dawa yoyote.

Kasoro zipo. Maabara yao hupima sukari na malaria, lakini haina mashine ya kupima chumvi za damu, na jambo hilo tungeambiwa mapema, si baada ya kukaa asubuhi nzima kwenye benchi. Bei hazikubandikwa popote. Mtu anaijua gharama akiwa dirishani kwa mhasibu. Barua ya rufaa nayo ilichelewa kwa sababu ya muhuri, ingawa ilipotoka ilikuwa imeandikwa vizuri, ikiwa na orodha kamili ya dawa, na huko hospitali ya rufaa hawakuanza upya. Walipima damu wakakuta sodiamu, mojawapo ya zile chumvi za damu, imeshuka, wakabadilisha kidonge kile kinachoongeza mkojo, na kwikwi ikapungua kadiri sodiamu ilivyopanda, hadi ikakoma.

Kwa kwikwi iliyovuka siku mbili, au inayomzuia mtu kula na kulala, ningemshauri yeyote wa Moshi aanzie hapa, mradi afike mapema na abebe dawa zake zote. Lakini ikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kutapika damu, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, asipitie zahanati yoyote. Aende moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali ya Mawenzi au ya KCMC.