Mlango mzuri, ufungaji wa hovyo: uzoefu wangu na mlango wa kuokoa nishati

Mlango wenyewe sina neno nao. Tulipoanza kukarabati nyumba nilitaka mlango wa mbele usiopitisha joto, nikachagua wa bati la chuma lenye povu la poliyurethani katikati, kwa kuwa povu hilo huzuia joto kuliko mbao ngumu ya unene uleule, hata kama mbao inaonekana nzito na ya heshima zaidi. Kioo chake ni kidogo, cha tabaka mbili zenye gesi ya agoni katikati yake, na hilo nalo nililitaka kwa makusudi, maana kioo kikubwa hupunguza faida ya povu lote linalokizunguka. Siku ulipoletwa nilikuwa tayari kuusifu kwa kila mtu.

Kisha wakaja wafungaji wa duka lile lile lililoniuzia.

Baada ya wao kumaliza na kukusanya vifaa vyao, niliufunga mlango mchana na kuona mstari wa mwanga kwenye kona ya juu, upande wa kitasa. Nilibana karatasi kati ya mlango na fremu, ikachomoka bila kukwama popote, jambo linaloonyesha kwamba mpira wa kuzuia hewa haukugusa kitu. Nilipomwonyesha msimamizi wao, hakuinama hata kutazama. Alinijibu huku akiandika kwenye simu yake: “Mama, mlango si ukuta, hewa lazima ipite.” Nimenunua mlango kwa sababu moja tu, kwamba hewa isipite, halafu mtu aliyelipwa kuufunga ananieleza kwamba hilo haliwezekani, tena mbele ya vijana wake waliokuwa wakicheka!

Muuzaji naye hakuwa afadhali. Alikuwa amenitajia kipimo kizuri sana cha U, yaani kile cha upotevu wa joto ambacho kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo mlango unavyokuwa bora, lakini nilipomuuliza kama ni cha mlango mzima pamoja na fremu, kioo na kizingiti, alikiri kwa shingo upande kwamba ni cha bamba la mlango peke yake. Hizo ni namba mbili tofauti, na ya mlango mzima ndiyo inayomhusu mtu anayeishi ndani ya nyumba. Anayenunua aidai kwa maandishi kabla ya kutoa fedha.

Kwa kuwa kila nilipopiga simu niliambiwa nisubiri, nilimwita fundi mwingine. Alibandua ubao unaofunika ukingo wa fremu, na nyuma yake tukakuta uwazi wa kupitisha vidole, uliozibwa kwa kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwakunjwa. Fremu ilikuwa imeinama upande wa bawaba, hazikuwekwa kabari za kutosha, na skrubu za kurekebisha kizingiti hazikuwa zimeguswa kabisa. Aliipima upya kwa pima maji, akaikaza, akajaza uwazi wote kwa povu lisilovimba sana ili lisije likaisukuma fremu ikapinda, kisha akapandisha kizingiti mpaka kikaushika mpira wa chini ya mlango.

Sasa karatasi inabanwa pande zote, kiyoyozi kinapumzika mchana, na kelele za nje zimepungua mno. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba mlango huu ununuliwe bila wasiwasi, na bado naamini ni mzuri. Lakini kila nikikumbuka ule mfuko wa saruji nakosa sababu ya kumpeleka mtu yeyote kwenye duka lile, kwa sababu mlango na ufungaji waliniuzia kama kitu kimoja, na bila fundi wa pili ningekuwa nimelipia bati lenye povu na upepo pembeni. Gharama za fundi huyo niliwapelekea kwa maandishi. Hawajajibu, na bado nawadai.