Sauti ya mbuzi, sauti ya kengele

Natoa nyota tatu kati ya tano. Zingefika nne kama wasingechomeka kinanda pale mwishoni, ila nitalifikia hilo.

Ni kitabu cha kusikiliza: utangulizi na hadithi ya Mwuza Rehema, yaani mtu anayewauzia watu msamaha wa dhambi kwa jina la kanisa, kutoka Canterbury Tales ya mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, ambamo mahujaji wanasimuliana hadithi safarini. Kimesomwa kwa Kiingereza cha siku hizi. Kile cha karne ya 14 kilinishinda zamani, wala sioni haya kusema. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mhazini wa parokia, nikihesabu sadaka sarafu kwa sarafu, kwa hiyo bwana huyu namsikiliza kwa sikio la mahesabu. Katika utangulizi anawaambia mahujaji wenzake, bila kificho, kwamba kazi hii humwingizia maki mia (fedha ya Kiingereza ya zamani) kwa mwaka. Mahubiri yake siku zote ni neno moja, kwamba kupenda fedha ndilo shina la mabaya, na sababu ya kulihubiri ni kwamba yeye mwenyewe anazipenda. Mfukoni ana masalia ya uongo (vitu anavyodai ni vya watakatifu), kama foronya anayoiita shela ya Bikira Maria, mifupa ya nguruwe kwenye chupa, na mfupa wa bega la kondoo: uchovye kisimani, ng'ombe watapona.

Kwenye sauti ya bwana huyu ndipo msomaji wa kitabu hiki alipopotea. Chaucer anasema sauti ya mtu huyu ni nyembamba kama ya mbuzi, na msomaji amemng'ang'ania mbuzi huyo mwanzo hadi mwisho. Lakini Mwuza Rehema mwenyewe anajisifu kwamba akiwa kanisani sauti yake hulia kama kengele. Kengele sikuisikia hata mara moja. Mbuzi nani angempa sadaka?

Hadithi yenyewe, lo, ameisoma vizuri. Walevi watatu wa Flanders, wakati wa tauni, wanaapa kwenda kumwua Mauti. Njiani wanakutana na mzee ambaye kifo kimemkataa. Anatembea akigonga ardhi kwa fimbo, akimsihi mama yake amfungulie aingie. Msomaji kaishusha sauti hadi karibu ya mnong'ono, nami nikarudisha nyuma mara tatu. Mzee anawaelekeza: Mauti nimemwacha chini ya mwaloni. Wanakuta florini za dhahabu, karibu busheli nane, na Mauti hatafutwi tena.

Mdogo wao anatumwa mjini kuleta mkate na mvinyo. Kwa mwuza dawa anasingizia panya, na kicheche anayemmalizia kuku, kisha anaazima chupa tatu. Mbili anazitia sumu. Ya tatu anaiacha safi, ya kunywa yeye usiku kucha akibeba dhahabu peke yake. Wenzake nao wameshapanga kumchoma visu akirudi. Chupa ile ya tatu ndiyo inayonipendeza: mtu anaandaa mauaji na bado anakumbuka kwamba kazi ya kubeba italeta kiu.

Sasa kinanda. Katika maandishi, Mwuza Rehema anamaliza kwa kuwaombea wasikilizaji rehema ya Kristo, anakiri kuwa hiyo ndiyo bora, na papo hapo anasema, jamani, nilisahau neno moja, nina masalia humu mfukoni. Anawauzia watu aliokwisha kuwaambia kwamba ni uongo! Anaanza na Harry Bailly, mwenye nyumba ya wageni, naye anamjibu tusi zito mpaka Knight, askari wa farasi aliye miongoni mwa mahujaji, anaingia kuwapatanisha. Utamu wote uko katika kule kutopumzika. Watayarishaji wameweka muziki wa nusu dakika katikati, mpaka msikilizaji anadhani kitabu kimekwisha. Na utangulizi wameutenga faili la peke yake, mtu anaweza kuuruka.

Shemeji yangu aliuruka. Akasikiliza hadithi, kinanda kilipoanza akazima. Jioni akanipigia simu: "Shemeji, mahubiri mazuri kweli. Huyo mhubiri yuko parokia gani?"