PowerPoint ukumbini: naipima kwa sauti

Kazi yangu ni kuandaa na kuendesha slaidi za picha kwenye sendofu, harusi na kumbukumbu za marehemu hapa Iringa. Wanaoniuliza programu gani ni nzuri hutarajia nisifie madoido ya picha. Mimi naangalia sauti kwanza. Picha ikikawia, wageni wanavumilia. Muziki ukimfunika bibi anayemuusia mjukuu wake kwenye video, familia imekosa maneno ambayo pengine hayatasemwa tena.

Kwa kipimo hicho PowerPoint, programu ya slaidi ya Microsoft, ile ya kwenye Windows, naipa nyota nne kati ya tano.

Kinachonifanya niipende ni vitufe. Slaidi zikiwa zimejaa skrini na wimbo unacheza, shika Alt ubonyeze mshale wa juu, sauti inapanda. Mshale wa chini, inashuka. Alt na U inanyamazisha papo hapo. MC akichukua maiki bila taarifa, na MC wa kwetu ndivyo walivyo, nashusha muziki kabla hajamaliza kusema "mabibi na mabwana". Vitufe vya sauti vya laptop yenyewe navikwepa wakati huo. Windows huchora kibao chake cha sauti kwenye skrini, kwenye Windows 10 kiko juu kushoto, na kama projekta inaonyesha kilekile kilicho kwenye laptop, ukumbi mzima unakiona kimekaa juu ya uso wa bibi harusi.

Nyota moja imekatwa kwenye maandalizi. Ukibofya alama ya spika inayokaa kwenye slaidi uliyowekea wimbo na kufungua Playback, sehemu ya Volume ina Low, Medium na High, pamoja na Mute. Basi. Kwa wimbo unaopita chini ya sauti ya mtu, ngazi tatu hazitoshi hata kidogo. Mara nyingi ninachokitaka kiko katikati ya Low na Medium. Google Slides, programu ya slaidi ya Google, imeizidi hapa, kwa sababu ina kitelezi cha kupangia sauti utakayoanza nayo. Lakini sauti yenyewe lazima uitoe kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na mimi siwezi kutegemea mtandao wa ukumbini katikati ya shughuli ya watu.

Fade In na Fade Out zinaokoa mengi. Unaandika sekunde unazotaka, na wimbo unaingia polepole na kutoka polepole. Kwenye kumbukumbu za marehemu huwa siachi wimbo ukatike ghafla, maana waliofiwa wanashtuka.

Jihadhari na Hide During Show. Inaficha alama ya spika, na ikishafichwa huna pa kusogezea mausi ili upate ule mstari wa kucheza, kusimamisha na kurekebisha sauti. Mimi naiacha alama ionekane, nimeipunguza hadi ikawa ndogo pembeni. Na wimbo uliowekewa Play Across Slides unaendelea kwenye slaidi zinazofuata, ila alama yake inabaki kwenye slaidi ulikoiweka. Kwa hiyo wimbo wa namna hiyo naupunguza mapema kabisa, na ule usia wa bibi nauweka High.

Mengine hayako mikononi mwa PowerPoint. Ukichomeka waya wa HDMI wa projekta, Windows inaweza kuhamishia sauti kwenye kispika kidogo cha projekta huku spika kubwa za ukumbi zikiwa kimya. Bofya alama ya sauti pale chini kulia uchague sauti itokee wapi. Ukiwa hapohapo, fungua Volume Mixer unyamazishe System Sounds, mlio wa taarifa usije ukapasuka kwenye spika wakati wa sala. Kisha mwombe fundi mitambo apandishe mixer ya ukumbi, ile mashine ya kupangia sauti za spika, taratibu huku video yenye sauti ndogo kuliko zote ikicheza. Mixer ikishapangwa kwa wimbo wenye kelele, ile video yenye sauti ndogo haitasikika hata ukiiweka High.

Kwa mwenye slaidi za maandishi tu, sioni sababu ya kuilipia programu hii. Anayebeba sauti za watu na nyimbo zao, ailipie, ila ajaribu vile vitufe vya Alt kwenye laptop atakayoitumia siku hiyo, spika za ukumbi zikiwa zimewashwa na viti bado vitupu.