Mashine ya kufulia ya pande mbili kwa sare za shule: thamani yake iko kwenye kukamua

Kama una watoto wa shule na unafikiria kununua mashine ya kufulia ya pande mbili, ile ya plastiki yenye upande wa kufua na upande wa kukamua, mimi nasema nunua. Ila inunue kwa ajili ya kukamua. Upande wa kufua unapunguza kazi tu, mikono yako na brashi bado vitahitajika. Upande wa kukamua ndio utakaokuokoa masika, pale saa mbili usiku shati la kesho bado liko kwenye beseni.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, na sare za shule ndio ugali wangu. Kuanzia Novemba mpaka Januari meza yangu imejaa mashati meupe na sketi za bluu iliyokoza, na mwaka mzima unaobaki nafua za wanangu mwenyewe. Kitambaa tunachoshonea mashati kwa wingi ni T/C, yaani poliesta iliyochanganywa na pamba. Kwenye ukingo wa jora utakuta pameandikwa 65/35: poliesta 65, pamba 35. Yapo majora yanayoandikwa hivyo na ndani ni poliesta tupu. Ukitaka kujua, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka na kunuka karatasi iliyoungua, ikabaki jivu laini linalopotea ukiligusa. Poliesta hujikunyata, ikayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Uzi wa mchanganyiko utakupa vyote viwili, jivu na punje ngumu ndani yake unayoihisi ukisugua kwa vidole. Fanya hivyo kabla ya kulipa, muuzaji wa haki hatakasirika.

Nimeanza na kitambaa kwa sababu huwezi kuipima mashine bila kujua inafua nini. Pamba hunywa maji. Hata ikiwa imekauka, katika hewa ya kawaida hubeba unyevu kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwenye shati la 65/35 maji yamekaa ndani ya ile pamba kidogo na katikati ya nyuzi, basi. Kikapu cha kukamulia kikishika kasi, maji hayo hutoka upesi mno. Sikiliza bomba la kutolea maji: mwanzo linamwaga, kisha linadondosha, na kabla dakika haijaisha limenyamaza.

Hapo ndipo simamisha. Saa ya kukamulia ina dakika 5, na taulo, jinzi na mashuka ya pamba zipe zote. Shati la T/C lipe moja. Ukizidisha hupati maji ya maana, unapata mikunjo iliyogandamizwa kwenye ukuta wa kikapu, na ukiliacha humo wakati unasonga ugali, utaikuta mikunjo hiyo imekaa kwelikweli. Mimi natoa shati papo hapo, nalikung'uta kwa nguvu kutoka mabegani, nafunga kifungo cha juu, nalitundika kwenye henga, kisha naivuta kola, kile kipande cha mbele chenye matundu ya vifungo, na pindo. Likitundikwa hivyo sebuleni karibu na feni saa mbili usiku, alfajiri ni kavu, hata kwa zile siku za Aprili ambazo ukuta wenyewe unatoa jasho. Kanga iliyoanikwa pembeni yake muda uleule utaikuta bado mbichi kwenye pindo.

Muuzaji wangu aliniambia upande huo unakausha nguo. Haukaushi. Hakuna joto lolote mle ndani, ni mzunguko tu unaorusha maji nje. Kwa kitambaa hiki nashukuru kwamba hakuna joto, na nitaeleza kwa nini.

Ukipanga nguo vibaya kikapu kitagonga kuta mpaka jirani aulize kuna nini. Zilaze kwa kuzungusha, zibane chini kwa kiganja, kisha weka kile kifuniko chembamba cha ndani na ukikandamize mpaka kiguse nguo. Wengi wanakitupa wakidhani ni cha kufungashia. Bila hicho, mkono wa shati hupanda juu, ukatoka nje ya kikapu na kujisokota chini yake, na kuuchomoa ni kuchana. Ujue pia kwamba kikapu cha kukamulia ni kidogo kuliko tangi la kufulia. Kinachofuliwa mara moja hukamuliwa kwa mikupuo miwili.

Sasa upande wa kufua. Unamwaga maji mwenyewe kwa ndoo au bomba la mpira, na kwetu hiyo ni faida kubwa. Zile mashine zinazojiendesha zenyewe zinataka maji yenye nguvu ya kutosha kwenye bomba, na nyumba inayotegemea tangi la kimo kifupi au madumu zinaisumbua. Hii hata maji ya mvua inapokea. Kwa shati la shule dakika 6 zinatosha. Jaza maji mengi, weka nguo chache. Ile sahani inayozunguka chini huzisokota nguo, na zikibanana zinasuguana. T/C ikisuguliwa sana hutoa vipele: nyuzi za pamba zikikatika zingedondoka zenyewe, lakini nyuzi za poliesta ni imara, zinavishikilia vile vipele juu ya kitambaa visitoke. Utaviona kwanza ndani ya kola na chini ya kwapa. Geuza nguo nje ndani, funga zipu, na usichanganye shati na taulo. Manyoya ya taulo yakishaganda kwenye bluu utayaokota mpaka uchoke, hata ukiwa unasafisha kile kifuko cha wavu kinachonasa manyoya kila baada ya kufua.

Kola haifuliwi na mashine hii. Naliweka wazi kwa sababu matangazo yanaonyesha shati linatoka jeupe pe. Uchafu wa kola ya mtoto ni mafuta: jasho, mafuta ya nywele, na zaidi ya yote mafuta ya mgando tunayowapaka shingoni asubuhi. Poliesta haipendi maji lakini mafuta inayapenda, inayashika na kuyang'ang'ania, na maji ya baridi yakizunguka dakika 6 hayayatoi. Dawa yake ni rahisi na inafanyika shati likiwa kavu, kabla halijaguswa na maji. Tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisambaze kwa kidole kwenye ule mstari wa kahawia, acha kama robo saa, kisha sugua kwa mswaki wa zamani ukifuata upande wa uzi. Hapo ndipo liende kwenye mashine. Ukililoweka kwanza, maji yanaitangulia sabuni na kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Kuhusu sabuni, hapa Dar wengi tunafulia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni ya kipande kwenye maji hayo haitoi povu, inafanya utando mweupe unaoganda kwenye nguo, na baada ya muda shati jeupe linakuwa la kijivu na gumu. Watu wanalaumu kitambaa, wanalaumu mashine. Mashati ya kisima nayafulia sabuni ya unga, na nasuuza mara mbili. Sabuni ya kipande naitumia nikipata maji ya mvua. Dawa ya kung'arishia yenye klorini siipendi kwa T/C hata kidogo. Inaila pamba, na ukiirudia rudia kitambaa kinabaki chepesi, unakiinua juani unaona vidole vyako upande wa pili.

Meupe yanatangulia, bluu inafuata kwenye povu lilelile, na ya mwisho ni matambara ya jikoni. Mpangilio huo unaokoa maji na sabuni, na mashine ya pande mbili inauruhusu kwa sababu wewe ndiye unayeamua maji yatoke lini. Wakati bluu inafuliwa, meupe yanakamuliwa upande wa pili.

Bluu ndiyo inayoniuma roho, kwa kuwa mzazi akiona sketi imechuja anamrudia fundi. Poliesta na pamba hazipakwi rangi moja kiwandani, kila moja ina ya kwake. Rangi ya pamba mara nyingi ndiyo inayotangulia kutoka, na pale kitambaa kinaposuguliwa, kwenye pindo na kwenye kingo za mifuko, pamba inalika na kuacha mistari ya weupe. Hakuna mashine ya kulizuia hilo kabisa. Unaweza kulichelewesha: maji ya baridi, nguo ikiwa nje ndani, na kuanika kivulini. Jua la saa saba ni la mashuka. Sketi ya bluu ikae barazani, upepo unatosha.

Nimesema nashukuru hakuna joto. Mtaani kwetu kuna dobi mwenye mashine kubwa ya kukaushia kwa joto, na mashati ya T/C ya wateja wangu yametoka kwake na mikunjo ambayo pasi haikuitoa vizuri. Sababu naijua. Poliesta huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80, na ikipoa inashika umbo lolote ililokuwa nalo. Ikipoa ndani ya rundo, rundo ndilo umbo lake. Anayetumia mashine ya joto aweke joto la chini, ile alama ya duara ndani ya mraba yenye nukta moja, na atoe shati likiwa bado na uvuguvugu, alitundike hapo hapo. Kwa sababu hiyohiyo usimwage maji ya moto kwenye mashine hii kisha ukakamua. Kufua kwa moto na kukamua kabla nguo haijapoa ni kuipiga pasi ya mikunjo.

Na pasi yenyewe: nukta mbili, kama nyuzi 150. Nukta tatu ni za pamba tupu, zinafika 200, na kwenye bluu zitaacha mng'ao usiofutika. Wenye pasi ya mkaa wapitishe juu ya kitambaa chepesi chenye unyevu, maana mkaa hauna nukta. Kola ipigwe taratibu, kwa sababu ndani yake kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi, na joto likizidi gundi inaachia, kola inafanya malengelenge.

Shati lililokamuliwa dakika moja na kutundikwa vizuri, mara nyingi nalipiga pasi kola na mbele tu. Hilo lina hesabu yake kwenye LUKU. Nyuma ya mashine yangu pameandikwa wati 360 za kufulia na 180 za kukamulia. Dakika 10 za kufua ni uniti 0.06. Pasi ya wati 1000 kwa dakika hizohizo 10 inakaribia uniti 0.17. Kwa hiyo anayeogopa mashine itamla umeme aitazame kwanza pasi yake.

Sasa kasoro, na hizi utazikuta kwenye nyingi ya mashine hizi, maana majina ni tofauti lakini muundo unafanana. Yangu haina pampu. Maji machafu yanatoka kwa kushuka tu, kwa hiyo bomba lake lazima lilale chini, na uwanja ukiinuka maji yanabaki tangini. Mimi nimeiinua kwa matofali mawili kila upande. Chini iko wazi, na panya wanaingia kutafuna nyaya. Kama kwenye boksi kuna bamba la plastiki la kufunika chini, lifunge siku hiyohiyo, na kama halimo, lidai. Vitufe vya saa ni vyepesi, ukivirudisha nyuma kwa nguvu vinakatika. Na hakuna kuondoka: lazima uwepo kumwaga, kusuuza, kuhamisha. Anayetaka kuweka nguo aende kazini akirudi azikute zimeisha, mashine hii si yake. Wala si ya mwenye sweta nyingi, zile zinavutika kwenye kukamuliwa.

Ukifika dukani usikubali kuiona ndani ya boksi tu. Waambie wachomeke umeme, wazungushe upande wa kukamulia ukiwa mtupu, na uweke kiganja juu ya mwili wa mashine. Mtetemo mwepesi ni wa kawaida. Ukisikia kugonga wakati hakuna nguo, kikapu kimepinda, chukua nyingine. Kisha inua kifuniko wakati kikapu bado kinazunguka: kikapu kinapaswa kukata kasi na kusimama ndani ya sekunde chache. Kama kinaendelea kuzunguka, breki yake ni mbovu, na nyumbani kuna mikono midogo itakayotaka kuchungulia mle ndani. Mwisho muulize muuzaji mkanda wa upande wa kufulia unapatikana wapi ukikatika, na akuonyeshe mmoja, asikwambie tu upo.