Manjano au zafarani: kipi kwa ibada, kipi kwa chungu?

Bei ndiyo huamua mengi. Manjano ni mzizi: huchimbwa, huchemshwa, huanikwa, husagwa. Zafarani ni nyuzi tatu tu katika kila ua, zinazochumwa kwa mkono huko Pampore, Kashmir. Kilo moja hutaka maua kama 150,000.

Katika ibada za Wahindu, kwangu manjano yanaongoza. Kabla ya harusi, ndugu huwapaka maharusi usoni, mikononi na miguuni. Kwenye hekalu la mungu Khandoba, katika mji wa Jejuri, India, waumini hurusha unga wake hewani mpaka ngazi za mawe zinageuka njano. Hata kumkum, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, kwa asili ni manjano yaliyokorogwa na chokaa. Zafarani husagwa pamoja na msandali, ikapakwa sanamu na vipaji vya nyuso. (Na yale mavazi ya watawa yanayoitwa ya zafarani? Kwa desturi hutiwa rangi ya udongo mwekundu.)

Jikoni, manjano yaingie kwenye mafuta mapema, la sivyo mchuzi utanuka udongo. Zafarani iloweke kwenye maziwa vuguvugu, kisha umimine juu ya biriani au kheer (wali mtamu wa maziwa). Ukiweka manjano badala yake, rangi utapata, harufu hupati.

Kwa dawa za nyumbani, maziwa ya manjano hunywewa kwa kikohozi. Tia pilipili manga, husaidia mwili kufyonza kurkumini, kiini cha manjano. Zafarani hupewa wajawazito ili mtoto azaliwe mweupe. Hiyo ni imani tu, na ni ghali.