Wiki Moja Madeira kwa Miguu, Wawili Bila Kiongozi

Goti la kushoto la Baba Neema halipatani na ngazi tangu alipofanyiwa upasuaji, kwa hiyo nilipotafuta likizo ya kutembea nilianza na swali moja: ni wapi mtu anaweza kuwa katikati ya milima bila kupanda mlima? Jibu lilikuwa Madeira, kisiwa cha Ureno kilichoko katika bahari ya Atlantiki. Tumekaa huko siku nane, na haya nayaandika kwa ajili ya wanandoa wanaofikiria safari ya namna hiyo.

Tulinunua safari kwa kampuni ndogo inayopanga matembezi yasiyo na kiongozi. Wanakuwekea nafasi hotelini, wanahamisha masanduku kutoka hoteli moja hadi nyingine, wanatuma teksi ikupeleke inapoanza njia na ikuchukue ukimaliza, wanakupa kijitabu cha maelezo na ramani ya kuweka kwenye simu. Kutembea ni kazi yenu. Tulilipa euro 1,940 kwa watu wawili, malazi ya usiku saba pamoja na kifungua kinywa, bila nauli ya ndege. Mapema kabisa walitutumia uthibitisho wa kila hoteli wenye majina yetu yote kama yalivyo kwenye pasipoti, na karatasi hizo zilitusaidia sana kuomba viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Bima tulijikatia wenyewe. Viza hiyo inadai bima inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000, basi msiache jambo hilo hadi wiki ya mwisho.

Uzuri wa Madeira kwa mtu mwenye goti bovu uko kwenye levada. Levada ni mfereji mwembamba wa maji uliochongwa ubavuni mwa mlima. Wareno walianza kuijenga karne nyingi zilizopita ili maji ya kaskazini, kwenye mvua nyingi, yafike kwenye mashamba ya miwa ya kusini kulikokauka. Ili maji yaende taratibu bila kubomoa kingo, mfereji unainama kidogo sana, kiasi kwamba kwa macho hauoni. Na kando yake kuna kijia cha watunzaji, kinachoinama vivyo hivyo. Unatembea kilomita nzima juu ya korongo, miti ya msituni ikiwa chini ya nyayo zako, na pumzi yako ni ile ile uliyoanza nayo. Watunzaji hao, wanaoitwa levadeiro, bado wapo. Tulimkuta mmoja akizoa majani majini kwa reki. Alijibana ukutani kutupisha, akatusalimu, akaendelea na kazi.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya pili, njia ya Balcões kutoka Ribeiro Frio. Ni fupi, kilomita 1.5 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na ndiyo ningemshauri kila mtu aanze nayo. Kijia hakitoshi watu wawili sambamba. Nilitangulia, Baba Neema akafuata, na kwa saa nzima tulizungumza bila kuonana uso. Mume wangu si msemaji mezani. Huko nyuma yangu, maji yakitiririka pembeni, alinisimulia habari za marehemu baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia katika miaka 31 ya ndoa. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atanyamaza.

Mwisho wa njia kuna jukwaa la mawe linalotazama bonde zima. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, tukakaa kusubiri. Chiriku wa pale wamezoea watu, wanatua hata mkononi kutafuta makombo. Mmoja alitua kwenye kidole gumba cha Baba Neema. "Mama Neema, usitikisike," aliniambia kwa kunong'ona, ilhali aliyepaswa kutotikisika ni yeye. Kisha ukungu ukafunguka ghafla, vilele vya Arieiro na Ruivo vikatokea mbele yetu. Ruivo ndicho kirefu kuliko vyote kisiwani, mita 1,862. Teksi ilikuwa ituchukue saa sita. Nilimpigia dereva nikamwomba muda zaidi, akasema tumwite tukitosheka. Kwa jambo hilo peke yake naipa kampuni alama zote.

Siku ya nne ndiyo yenye lawama. Tulipelekwa Queimadas, juu ya Santana, mji wa kaskazini tulikolala siku mbili, kutembea hadi maporomoko ya Caldeirão Verde. Kijitabu kiliiita njia hiyo "rahisi". Tambarare ni kweli, lakini ni zaidi ya kilomita 6 kwenda tu, na inapita ndani ya mahandaki yenye giza, dari ya chini na madimbwi. Tochi ilitajwa ukurasa wa mwisho, katikati ya orodha ya krimu ya jua na soksi. Taa ya simu ilitufaa, ila mkono mmoja ukishika simu unabaki na mmoja tu wa kushikia waya wa pembeni. Na kuna mahali waya wenyewe haupo, upande wa pili ni shimo la makumi ya mita. Mimi huogopa urefu. Nilisimama, miguu ikakataa. Baba Neema alinipa mwisho wa fimbo yake niushike, akaniongoza kurudi hatua kwa hatua. Maporomoko hatukuyaona.

Aliyeandika "rahisi" alifikiria mapafu na magoti tu. Anayeuza njia za levada anapaswa kumwambia mteja wazi, ukurasa wa kwanza, wapi kuna shimo na wapi hakuna uzio. Jioni niliwapigia simu nikawaambia hivyo. Mama aliyepokea hakubishana. Alibadilisha matembezi ya siku ya sita papo hapo, tukapewa njia pana ya ufukweni kutoka Funchal, mji mkuu wa kisiwa, kuelekea Câmara de Lobos, bandari ndogo ya wavuvi ambako Winston Churchill aliketi kuchora mwaka 1950. Huko tulitembea bega kwa bega, tukala samaki wa espada aliyewekwa ndizi ya kukaanga juu yake, na mkate wa bolo do caco ukiwa bado wa moto, siagi ya vitunguu saumu ikichuruzika.

Masanduku yalihamishwa mara mbili. Mara ya kwanza yalitutangulia. Mara ya pili yalifika saa moja usiku badala ya saa tisa alasiri, nasi tumelowa mvua, kwa hiyo bebeni nguo kavu za kubadilisha mgongoni. Ada za njia rasmi hazimo kwenye bei, uliza kabla. Hoteli zote zilikuwa safi na sina zaidi la kusema juu yake.

Tungeweza kupanga haya wenyewe? Mabasi yapo, na hoteli mtu anaweka kwa simu. Lakini njia nyingi za levada hazizunguki, unamalizia mbali na ulipoanzia, na bila mtu wa kukusubiri upande wa pili unarudi njia ile ile kwa goti lile lile. Hapo ndipo pesa yetu ilipofanya kazi.

Mkienda, ombeni siku tatu Santana badala ya mbili walizotupa sisi. Asubuhi ya kuondoka ndipo mawingu yalipoinuka, tukaiona bahari ya kaskazini kutoka dirishani, teksi ikiwa tayari mlangoni.